Shajara ya mradi: Jina la ukoo Sykes, kutoka kijito cha Yorkshire

Swali la mradi ni moja: akina Sykes wa Uingereza wametoka kwa mzee mmoja, au ni koo nyingi zilizokutana kwenye jina? Wataalamu wa majina walikwisha kujibu zamani kwamba ni koo nyingi. Mwaka 2000 maabara ya Oxford ikasema ni mzee mmoja. Humu tunaandika jinsi nyaraka zinavyopangwa ili majibu hayo mawili yapimwe, na mahali kazi ilipokwama.

Wiki ya 1: jina lenyewe

Sykes hutamkwa "saiks", silabi moja. Mzizi wake ni "sīc" katika Kiingereza cha Kale, na "sík" katika lugha ya Waskandinavia waliohamia kaskazini mwa Uingereza. Maana yake ni kijito chembamba kinachopita kwenye ardhi ya majimaji, mara nyingi kikitumika kuwa mpaka wa makonde. Si mto wa kuvulia samaki. Ni maji ambayo mtu mzima anayavuka kwa hatua moja ndefu.

Kusini na katikati ya Uingereza neno hilohilo liliishia na sauti ya "ch", likazaa majina Sich na Sitch. Kaskazini lilibaki na "k". Kwa hiyo Sykes linajitaja lenyewe kuwa ni la kaskazini kabla hatujafungua hata daftari moja. Uamuzi: Sitch na Sich ziko nje ya mradi.

Makarani wa karne ya 13 na 14 waliandika "del Syke" au "del Sykes", yaani mtu wa pale kijitoni. Baadaye "del" ikaanguka. Ile "s" ya mwisho imewapoteza wengi: kuna wanaoshikilia kwamba ni wingi, na kwamba mzee wa kwanza aliishi penye vijito viwili. Huenda. Lakini Brook lilizaa Brooks, Mill likazaa Mills na Wood likazaa Woods bila yeyote kuhesabu mito wala vinu. Hatujengi hoja yoyote juu ya herufi hiyo.

Wiki ya 2: mitego ya kutafuta

Tahajia zilizokubaliwa kuingia kwenye jedwali: Sykes, Sikes, Syke, Sike, Sykys, Sickes, Sicks. Kwa makarani wa zamani "i" na "y" zilikuwa kitu kimoja; ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuandikwa tofauti kwenye ukurasa mmoja. Anayesema "sisi ni Sikes wa i, si Sykes wa y" anazungumzia mazoea ya karne ya 19 tu.

Kwenye faharasa zinazokubali alama za kufichia herufi, tafuta S?k*s kwanza, kisha S?ck*s (? ni herufi moja yoyote, * ni herufi zozote au hata hakuna). Ya kwanza inanasa Sykes, Sikes na Sykys. Ya pili inanasa Sickes na Sicks. Usitegemee Soundex peke yake, yaani mfumo wa kugeuza majina kuwa herufi na namba kwa jinsi yanavyosikika. Sykes, Sikes na Sickes zote zinapata S220, ila Sicks inapata S200, kwa sababu c, k na s zina namba moja na, zikifuatana bila irabu katikati, huhesabiwa mara moja. Mtu akitafuta kwa Soundex ya Sykes hatamwona Sicks hata mmoja, huku akiletewa akina Sages ambao hawahusiki kabisa.

Jedwali lina safu 11: namba ya mtu, jina kama lilivyoandikwa, jina sanifu, tukio, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe iliyosahihishwa, kijiji, parokia, kazi, chanzo pamoja na ukurasa, na kiwango cha uhakika kuanzia A (cha juu) hadi C. Safu mbili za jina na mbili za tarehe zinaonekana kama kazi ya ziada. Zikiunganishwa, kosa la msahihishaji linageuka kuwa ushahidi, na hakuna njia ya kurudi nyuma.

Wiki ya 3 hadi ya 5: usajili wa serikali na sensa

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Tumeanza na wilaya ya usajili ya Huddersfield, kitovu cha jina hili: juzuu XXII hadi 1851, kisha 9a kuanzia 1852. Kazi ni ya kurudi nyuma, kutoka ya karibuni kwenda ya zamani.

Mambo yaliyotupotezea muda ni haya. Faharasa hupangwa kwa robo mwaka ya kuandikishwa, si ya kuzaliwa, na mzazi alikuwa na siku 42. Mtoto wa Desemba mara nyingi anaonekana kwenye robo ya Machi. Kabla ya sheria iliyoanza kazi 1875, vizazi vingine havikuandikishwa kabisa. Faharasa ya zamani inaonyesha ukoo wa mama kuanzia robo ya Septemba 1911 tu. Ile mpya ya ofisi kuu ya usajili inauonyesha tangu 1837, basi anza na mpya. Kwa ndoa za kabla ya 1912 mwenzi hatajwi: tafuta majina yote yenye juzuu na ukurasa mmoja, kisha sensa inayofuata ndiyo itakayosema ni yupi kati ya wanawake wawili au watatu aliyeingia nyumba ya Sykes.

Sensa ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi kigawe cha 5. Mwenye miaka 44 anaandikwa 40. Haitaji uhusiano wa waliomo nyumbani, wala parokia ya kuzaliwa. Hayo yanaanza 1851. Ndiyo sababu kila tawi halipati alama A mpaka lionekane 1851. Sensa ya 1931 iliungua 1942, na 1941 haikufanyika, hivyo pengo hilo linazibwa na daftari la watu la 1939.

Hali: matawi ya Slaithwaite, Golcar, Linthwaite na Marsden yameshaunganishwa hadi miaka ya 1790. Yale yaliyovuka milima kuingia Lancashire yanangoja.

Wiki ya 6 hadi ya 9: rejesta za parokia

Hapa ndipo mradi unapofaulu au kufa. Amri ya kuweka rejesta ilitoka 1538, lakini si kila kanisa lina daftari la mwaka huo. Kirkburton inaanza 1541, Almondbury 1557, Huddersfield 1562.

Tatizo la kwanza ni mipaka. Bonde la Colne lina vijiji vilivyogawanywa na mto: kwa sehemu kubwa, ng'ambo ya kaskazini ilikuwa parokia ya Huddersfield, ya kusini ikawa Almondbury. Familia inaweza kubatizia watoto watatu upande mmoja na wa nne upande wa pili bila kuhama nyumba, kwa sababu tu kanisa dogo la karibu lilikuwa na mchungaji mwaka ule. Anayesoma rejesta moja ataona "familia imetoweka" na ataanza kumsaka babu huko Leeds.

Saddleworth ni mbaya zaidi. Kiraia ilikuwa Yorkshire mpaka 1974. Kikanisa ilikuwa chini ya parokia ya Rochdale, Lancashire, na askofu wa Chester. Wosia wa Sykes wa Saddleworth usiutafute York. Ulithibitishwa upande wa Chester. Wa Huddersfield na Almondbury ndio wa York, kwenye hifadhi ya Borthwick.

Tatizo la pili ni kalenda. Hadi 1751 mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Ubatizo wa "10 Februari 1641" kwa hesabu yetu ni Februari 1642, nasi tunauandika 1641/2. Asiyejua hili atakuta mtoto aliyebatizwa miezi miwili kabla ya ndoa ya wazazi wake na kuwatungia kashfa ambayo haikuwapo.

La tatu ni mwandiko. Katika mwandiko wa makarani wa karne ya 16 na 17, S kubwa hufanana na L au F, basi faharasa zimejaa akina Lykes na Fykes. Baya zaidi ni mwisho wa jina. Karani hakuandika "es". Aliandika "Syk" akaivuta kalamu chini kuwa kitanzi kimoja kidogo, mfano wa mkia wa samaki aliyegeuka. Kitanzi hicho ndicho "es". Mnakili asiyekijua anaandika Syk au Syke, na ukoo mzima unapata tahajia ambayo haikuwa yake. Kila Syke wa kabla ya 1650 anarudiwa kwenye picha ya ukurasa wenyewe. Nakala iliyochapwa haitoshi.

Kati ya 1642 na 1660, enzi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Cromwell, madaftari mengi yana kurasa tupu. Usivuke pengo hilo kwa jina peke yake. Daraja tunalolitumia ni kodi ya meko, shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko, iliyotozwa 1662 hadi 1689. Karatasi za West Riding (sehemu ya magharibi ya Yorkshire) za 1672 zinataja mkuu wa nyumba kijiji kwa kijiji. Mwenye meko 1 na mwenye meko 6, wote wakiitwa John Sykes, kwa kawaida si mtu mmoja.

Baada ya shida hizo, dayosisi ya York inatoa zawadi. Kuanzia 1777, kwa mfumo wa kasisi William Dade, baadhi ya parokia ziliandika ubatizo kwa urefu wa ajabu: tarehe ya kuzaliwa, mtoto ni wa ngapi, kazi ya baba, babu na bibi wa pande zote mbili pamoja na makazi yao. Mstari mmoja unafunga vizazi vitatu. Makasisi wengine waliona ni mzigo wakaupuuza, na wote waliacha kuanzia 1 Januari 1813 fomu fupi zilipoletwa. Parokia yenye rejesta za Dade isomwe yote, hata kama ukoo unaoutafuta uko kwenye ya jirani, maana babu anatajwa alikokuwa anaishi.

Kuhusu majina yanayojirudia: kwenye mabonde haya John, Joseph na William Sykes ni wengi kama siafu. Wenyeji walilijua hilo, wakaitana kwa mnyororo wa mababa, fulani wa fulani wa fulani, kama tunavyofanya sisi. Mfano unaojulikana si wa Sykes ila ni wa jirani zao. Huko Saddleworth, Aprili 1832, waliuawa William Bradbury na mwanawe Thomas kwenye baa yao. Watu waliwajua kwa majina ya Bill o' Jack's na Tom o' Bill's, yaani Bill wa Jack na Tom wa Bill. Lakabu za namna hiyo zikionekana pembezoni mwa rejesta, ziandikwe neno kwa neno kwenye safu ya jina kama lilivyoandikwa. Zina thamani kuliko jina rasmi.

Wabaptisti na Wamethodisti mara nyingi hawamo kwenye ubatizo wa parokia. Madaftari yao yaliyokabidhiwa serikalini baada ya 1837 yako kwenye hifadhi ya taifa, Kew, fungu RG 4.

Wiki ya 10 hadi ya 12: kabla ya rejesta

Kodi ya kichwa ya 1379 ndiyo picha pana ya kwanza. Ya West Riding imehifadhika vizuri kuliko ya sehemu nyingi na ilichapishwa 1882. Kima cha chini ni peni 4 kwa mtu mmoja au kwa mume na mkewe, kuanzia umri wa zaidi ya miaka 16. Mafundi na wafanyabiashara walilipa zaidi. Mpangilio wa mstari ni huu: Johannes del Syke et uxor eius, iiij d. Kwa Kiswahili: John wa kijitoni na mkewe, peni 4.

Mstari huo unathibitisha kwamba yupo mtu. Hauthibitishi ukoo. Mwaka 1379 kaskazini majina mengi yalikuwa bado hayajakaza. Mwanawe anaweza kutokea kwingine kama mwana wa John, au kwa kazi yake. Vipimo vyetu vya kukubali kwamba jina limeshakuwa la kurithi ni vitatu: baba na mwana wanalibeba pamoja, au mtu analibeba akiwa amehamia kijiji kingine, au "del" imekwisha kuanguka huku kazi ya mtu ikitajwa pembeni. Kimoja pekee ni alama C. Viwili ni B.

Kipimo cha baba na mwana kinapatikana kwenye magombo ya mahakama ya milki ya Wakefield, yanayoanza 1274 na kuendelea mpaka 1925. Mpangaji akifa, mrithi anakuja mahakamani, anatajwa ni mwana wa nani, analipa ada na kukabidhiwa konde. Ila milki hiyo haikufunika kila mahali. Bonde la Holme limo; Almondbury ilikuwa chini ya milki nyingine, ya Pontefract. Ukimya wa magombo ya Wakefield kuhusu Almondbury hauna maana yoyote, na kosa la kuusoma kama ushahidi limefanyika mara mbili ndani ya mradi huu kabla ya ramani ya milki kubandikwa juu ya jedwali.

Matokeo ya sehemu hii: watu wa "kijitoni" wanaonekana katika zaidi ya kijiji kimoja, mbali kiasi cha kutokuwa nyumba moja. Kwa karatasi peke yake, wataalamu wa majina wana hoja. Vijito vya aina hii viko kila bonde.

Wiki ya 13: DNA

Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, sawa na jina la ukoo la Kiingereza. Bryan Sykes na Catherine Irven, wa ile maabara ya Oxford, walipima wanaume 48 wa jina Sykes kwa alama 4, yaani sehemu 4 za Y zinazolinganishwa. Wanaume 21, karibu asilimia 44, walikuwa na mpangilio mmoja, ambao haukuonekana kwa watu wa kulinganisha, wa eneo lilelile wala wa Uingereza kwa jumla. Wakahitimisha kwamba mwanzilishi ni mmoja, na kwamba wastani wa asilimia 1.3 tu ya kukatika (jina na Y kuachana) kwa kila kizazi unatosha kueleza waliobaki.

Tunaiheshimu kazi hiyo kwa kuwa ndiyo iliyofungua njia, lakini hatuichukui kama neno la mwisho. Watu 48 ni wachache, na alama 4 leo ni kama kumtambua mtu kwa kofia. Zaidi ya hayo, mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling walipima wanaume 1,678 wa majina 40. Majina adimu kama Attenborough yaliungana kwa nguvu, karibu asilimia 87 kwenye kundi moja. Wenye jina Smith walikuwa kama watu waliookotwa barabarani. Nao walionyesha kwamba kundi kubwa linaweza kutokea kwa bahati: wazee wakiwa watano, matawi manne yakafifia kwa kukosa watoto wa kiume, la tano likapata wavulana wengi, mwisho wake unafanana na mzee mmoja. Tauni ya 1348 na 1349 ilipita hapo katikati, majina yakiwa bado machanga. Baadaye ufumaji wa sufu majumbani ukaruhusu mabonde haya kulisha watu wengi kuliko ardhi yake, na tawi lililokuwa na bahati likatanuka.

Mpango wetu: wanaume wawili kwa kila tawi lenye alama A, wakiwa wametoka kwa wana wawili tofauti wa babu mmoja. Wakilingana kwa alama 37, mpangilio wa babu umethibitika na tawi linaingia kwenye ulinganisho. Wasipolingana, apimwe wa tatu kabla ya kusema lolote. Binamu wa karibu hawafai. Kulingana kwao kunathibitisha babu wa juzi tu.

Kukatika kwa mstari si lazima iwe usaliti, basi tusiwasingizie bibi za watu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na binti wa Sykes anabeba jina la mama: jina linaendelea, Y ni ya nyumba nyingine. Kuna walioasiliwa, na kuna wanaume waliochukua jina la ukoo wa mke ili warithi. Baba wa watoto kama hao mara nyingi ametajwa kwenye hati za parokia za matunzo. Kila anayepimwa anasaini ridhaa inayoeleza hilo waziwazi kabla ya kutoa mate.

Wiki ya 14: waliowekwa kando

Akina Sykes wa Sledmere, East Riding, walikotoka Sir Mark Sykes wa mkataba wa Sykes na Picot wa 1916, wa Uingereza na Ufaransa kugawana Mashariki ya Kati, wana nasaba iliyoandikwa kupitia wafanyabiashara wa Leeds na Hull. Wamepewa faili lao. Umaarufu hauwapi nafasi ya shina.

Kima wa mwambao, wale wanaoshuka kwenye magofu ya Gede, kwa Kiingereza huitwa kwa jina la William Henry Sykes, ofisa wa jeshi mzaliwa wa Yorkshire, aliyewaeleza kisayansi 1831. Huyu anaingia kwenye jedwali. Kima hawaingii.

Akina Sykes wa Dar es Salaam hawaingii pia, ingawa kwa msomaji wa Tanzania hao ndio wa kwanza kukumbukwa. Kleist Sykes (1894–1949), mwasisi mmojawapo wa African Association ya 1929, alikuwa mwana wa Sykes Mbuwane, askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Hapo Sykes ni jina la mtu mwenyewe. Likawa la ukoo kwa desturi yetu ya mwana kubeba jina la baba, likafika kwa Abdulwahid na Ally waliokuwamo katika kuundwa kwa TANU 1954. Herufi ni tano zilezile, na hakuna kijito cha Yorkshire ndani yake. Tumewaandikia maelezo haya ya mistari michache kwa sababu programu za nasaba mtandaoni huwaunganisha watu kwa tahajia, na kiungo kibaya kikishanakiliwa kwenye miti mitano hakifutiki.

Wiki ya 15: zilizobaki

Kurudia kwenye picha kila Syke wa Almondbury kati ya 1557 na 1598. Kusoma Saddleworth upya kwa nyaraka za Chester. Kufuata waliovuka kwenda Lancashire baada ya mfereji wa Standedge kufunguliwa 1811, kwa kuanzia na sensa ya 1851 kwa kuwa inataja parokia ya kuzaliwa. Matawi mawili ya Golcar yameshushwa kutoka A hadi B: kila moja lilikuwa linadai Joseph wa 1768, kumbe akina Joseph walikuwa wawili, na mmoja wao alizikwa akiwa na wiki tatu.